Siku Nilipokuwa Kibarua Nyumbani Kwangu

Naanza na aibu yenyewe nisije nikaizunguka: wakwe zangu watarajiwa walinikuta mtoni nimejifunga leso ya marehemu mke wangu, na suruali yangu wakaipeleka wao nyumbani. Hapa Wusi, milimani Taita, hakuna asiyejua habari hii, ila kila mtu ana yake, wako wanaosema nilikuwa uchi (uongo), wako wanaosema nilikuwa nimeonja dengerere, pombe yetu ya kienyeji (uongo pia, ingawa kuna wakati natamani ingekuwa kweli angalau ningekuwa na kisingizio), na vijana pale dukani wakiniona nimebeba karoti wananiita, "Kibarua, hujambo?" Basi leo naisema mimi mwenyewe, na atakayeongeza yake aongeze akijua nimemsikia.

Lazima kwanza mjue habari za karoti. Mke wangu Wakesho na mimi tulilima karoti kwenye kile kipande kilicho chini ya nyumba, tukiziteremsha Voi sokoni, na karoti ya sokoni lazima ing'ae, mama wa sokoni hana habari na udongo wako hata uwe mtamu vipi. Sasa gunia zima la karoti haliwezi kuoshwa kwa mkono, utazeeka hapo. Unalitia maji, unalilaza kijitoni mahali pasipo na kina, kisha mnapanda juu yake watu wawili bila viatu, mnatazamana, kila mmoja anashika mabega ya mwenzake asianguke, halafu mnakanyaga. Mnakanyaga, udongo unatoka, ile ngozi nyembamba inatoka, na baada ya muda Wakesho anasema, "Zungusha," basi tunageuka kidogo kidogo tukiwa tumeshikana vile vile na gunia linageuka chini yetu. Tuligombana hapo juu ya gunia na tukapatana hapo hapo, maana huwezi kumwachia mtu mabega ukiwa umesimama juu ya karoti zenye maji, mtaanguka wote. Hata jina la binti yetu Mshai tulikubaliana hapo, miguu ikiwa imekufa ganzi kwa baridi.

Zile karoti zilizopinda, na zile zenye miguu miwili kama zimevaa suruali, soko lilikuwa likizikataa, na hizo ndizo Wakesho alizifanyia saladi. Alizikuna mbichi, akatia kitunguu, limau, dania, chumvi kidogo, na karanga za kukaanga alizoziponda juu juu, na hakuwahi kumenya karoti hata siku moja, alisema utamu wote uko pale karibu na ngozi na anayemenya anawalisha kuku. Ilikuwa saladi ya kulia mdomoni, ukitafuna jirani anajua unakula nini. Mshai alikua kwa saladi hiyo. Wakesho alipofariki nililima karoti tena, lakini nilikuwa nauza na udongo wake kwa bei yoyote, na saladi sikula. Nilimkosa sana, jamani, na bado namkosa, sina namna nyingine ya kulisema jambo hilo.

Haya. Mshai ni karani katika duka la vifaa vya ujenzi huko Voi, na huko Voi akakutana na kijana anaitwa Danieli, mtu wa Mahoo, kule Taveta kwa mashamba ya ndizi, kijana mwenye adabu, sina neno naye. Siku moja akanipigia simu kwamba wazazi wa Danieli wanataka kuja kujitambulisha. Nikasema karibuni sana, na sauti yangu ilikuwa nzuri kabisa, mtu angedhani ni tangazo la redio, kisha nikakata simu nikaketi kati ya matuta ya karoti mpaka jua likaniondoa. Kwa sababu Mshai alikuwa akipanda kuja nyumbani kila wikendi, na nyumba yangu ilikuwa inaishi siku hizo tu, siku nyingine inasimama. Lakini baba gani atamwambia mtoto usiolewe kwa sababu mimi naogopa jioni? Nikaapa moyoni kwamba wageni watakuta nyumba yenye mkono wa mama, wasimchukue binti yangu kama kitu kilichookotwa, na mezani patakuwa na saladi ya Wakesho.

Siku yenyewe dada yangu Malemba aliliteka jiko na wanawake wenzake, huku wanaponda kimanga cha muhogo na maharagwe, huku pilau iko motoni, na Mshai anatumwa huku na kule kama si yeye anayeolewa. Mimi nilikuwa nimeshavaa mapema mno, shati jeupe, suruali ya suti, na tai ambayo Malemba alinifunga akinikaza shingo kwa makusudi. Nikatoka na gunia langu la karoti. Malemba akaliona.

"Lete hapa nizimenye. Maji ya bomba leo yapo."

"Wakesho hakuwa akimenya karoti," nikasema.

"Baba Mshai, Wakesho hayupo."

Alisema kwa upole, sikatai. Lakini neno lile lilinipata vibaya, mbele ya wale wanawake wote na miiko yao, nikabeba gunia begani na ndoo mkononi nikaenda zangu mtoni. Hapo ndipo nilipokosea, wala si kwingine. Ningeacha karoti zikamenywa ningekuwa leo mtu wa heshima.

Njiani nikarudi mara moja ndani kuchukua leso ya Wakesho nyuma ya mlango. (Ndiyo ile niliyoificha dada zake walipokuja kugawana nguo, imefifia mpaka maandishi hayasomeki, na nikajiambia ni ya kupangusia karoti.) Kufika mtoni nikakumbuka suruali ya suti ni moja tu duniani. Wageni walikuwa wamesema saa saba na jua lilikuwa halijapanda hata kidogo, ukungu bado uko kwenye mikaratusi, nani ataniona? Nikavua suruali, nikaitundika vizuri kwenye ukingo wa daraja la mbao, nikajifunga leso, nikaingia majini.

Sasa jaribuni kukanyaga gunia la karoti peke yenu. Linateleza. Unakwenda mbele, linarudi nyuma. Nilianguka goti, nikanyanyuka, nikaanguka upande wa pili, na mwisho nikagundua kwamba nikinyoosha mikono mbele hivi, kama nimeshika mabega ya mtu, nasimama wima. Ajabu ni kwamba mwili ulikumbuka. Mikono ilijua urefu wake ni mpaka wapi. Nikafumba macho nikawa nakanyaga, nakanyaga, na sijui nilianza lini kuzungumza, namwambia Wakesho leo wanakuja, namwambia yule kijana si mbaya, namwambia zungusha, nami nazunguka na mikono yangu imekumbatia hewa.

"Hodi hapo kwenye maji!"

Nilifungua macho. Kwenye daraja walisimama mzee mmoja mwenye kofia na mama mmoja mwenye kikapu, wamevaa nguo za safari, na sura ya Danieli iko kwenye uso wa yule mama kama imechapwa. Watu wa Mahoo walikuwa wameogopa barabara wakaamka alfajiri, gari wameliacha kule juu madukani, Danieli na wengine wanateremsha mikungu ya ndizi, na wazee wakaonyeshwa njia ya mkato. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba niko kwenye leso.

"Habari ya kazi, mzee?" akauliza yule baba.

"Nzuri. Karibuni."

"Tunatafuta kwa Baba Mshai."

Ningesema ndimi. Tungecheka, ningevaa suruali, habari ingeishia hapo. Badala yake nikaelekeza kwa mkono. "Hapo juu, nyumba ya mabati mekundu. Mimi ni kibarua tu."

Nilitegemea wataondoka. Lakini mlima wetu si tambarare ya Mahoo, yule mama alikuwa anahema, akaweka kikapu chini. "Tupumzike kidogo, baba Danieli." Kisha akaniinamia pale kwenye ukingo. "Na huyo mwenye boma ni mtu wa namna gani? Mwanetu anataka kuoa hapo, usituone wambeya."

"Ni mtu mzuri," nikasema upesi. "Mtu wa heshima zake. Mkarimu. Hata sura si mbaya."

Mzee akacheka. Mama hakucheka. "Tulisikia alifiwa na mke. Anaendeleaje?"

Sijui niwaelezeje kilichonipata hapo. Pale kanisani nimeulizwa swali hilo na kila mtu, na kila mtu nimemwambia namshukuru Mungu. Lakini aliyeulizwa sasa hakuwa mimi, alikuwa kibarua, na kibarua hana sababu ya kumfichia tajiri wake.

"Anakula amesimama," nikasema.

"Amesimama vipi?"

"Chakula cha jioni. Anakula jikoni, kwenye sufuria, amesimama. Akiketi mezani anakiona kile kiti cha pili."

Mzee akavua kofia.

"Binti yake akija wikendi ndiyo anaketi," nikaendelea, na nilikuwa najisikia nikiendelea na siwezi kujizuia. "Atawakaribisha vizuri, msiwe na wasiwasi. Atawaambia karibuni, jisikieni nyumbani. Atatoa na hotuba. Lakini hataki binti aende. Hatawaambia, wala binti hatamwambia, ila hataki. Anaogopa."

Maji yakawa yanapita tu. Mimi nikakanyaga mara mbili tatu ili ionekane nina kazi.

"Pole yake," akasema mama polepole. Kisha akaona suruali pale pembeni ya mkono wake. "Na hii?"

"Ya tajiri. Nimeambiwa niifue."

"Mbona safi? Usijisumbue, una gunia zito hilo. Tutampandishia."

"Hapana mama, iache, iache hapo hapo tu!"

Ameshaikunja. Ameiweka mkononi, amebeba kikapu, wamepanda. Nikaona suruali yangu ya suti inakwenda kwangu bila mimi.

Nilijaza karoti kwenye ndoo (nyingi zikiwa bado na udongo wake), gunia lenye zilizobaki nikalibana na jiwe, nikapita nyuma, kwenye majani ya ng'ombe, yale yanayokata, na kila ninapoinama leso inafunguka na ninaposhika leso ndoo inamwagika. Nilifika nyuma ya jiko miguu imechanikachanika kama nimepigana na paka. Malemba alikuwa ananingoja amesimama na suruali.

"Wageni wamefika," akasema, "na wamekuja na suruali yako. Sitaki kuuliza." Kisha akaketi chini kwenye kuni akacheka mpaka akashika ubavu.

Nikazikuna karoti mwenyewe, kwa haraka, nikikuna na vidole. Malemba alizitazama akasema hizi zina mchanga, nikamwambia hazina, akasema mimi nauona, nikamwambia basi usitazame. Nikatia kitunguu, limau, dania, karanga. Ilipendeza kwa macho, hilo niachieni.

Sebuleni niliingia na mpango. Niliongeza koti, nikavaa miwani ya kusomea (ambayo ikiwa sisomi naona watu wote kama ukungu), na sauti nikaishusha mpaka tumboni. Nikawasalimia wakwe kwa mikono miwili. Mzee alisema tumefurahi kukuona mkwe, hakuonyesha lolote, nami nikajipongeza kimoyomoyo kwamba watu wa tambarare hawana kumbukumbu ya sura. Danieli na wenzake wameshafika na ndizi zao, maombi yakaombwa, chakula kikaja, na kabla ya kula nikasimama nikatoa hotuba.

"Wapendwa wageni," nikasema kwa sauti ile ya tumboni, "karibuni, jisikieni nyumbani."

Yule mama akainamisha uso akatabasamu kwenye sahani yake, na mimi, mpumbavu, nikadhani ni furaha.

Kisha saladi. Nilimpakulia kila mgeni kwa mkono wangu, nikieleza kwamba hii ilikuwa saladi ya mama wa nyumba hii, nikaketi, na watu wakatia mdomoni kwa pamoja. Karoti mbichi ina mlio wake, tunaujua sote. Mlio uliotoka pale haukuwa wa karoti, ulikuwa wa gari linalopita kwenye changarawe. Taya zote zikasimama. Danieli alinitazama macho yamemtoka, akameza nzima nzima, mwanaume kweli. Mzee wa Mahoo akatafuna mpaka mwisho kwa heshima zote, akanywa maji.

"Karoti za huku zina nguvu," akasema.

Nilitamani dari lianguke. Mshai alikuwa mlangoni na jagi la maji, akanitazama, na nikaona kwenye uso wake kitu nilichokuwa nimepigana siku nzima kisionekane, alikuwa ananihurumia mbele ya watu. Ndipo yule mama akasimama.

"Mkwe wangu," akasema, "mimi si mtu wa maneno. Lakini huko mtoni tulikutana na kibarua wako, na ametuambia mambo mawili matatu. Alitwambia wewe ni mtu wa heshima, na sura si mbaya. Alitwambia pia unakula umesimama tangu mama Mshai atutoke, na binti yako ndiye anayekuketisha, na kwamba hutaki aende ila hutasema. Sasa nimeona niseme mimi, kwa kuwa wewe umeshatukaribisha vizuri na sitaki nimchukue mtoto wa mtu kimya kimya kama sikuambiwa."

Kuku akapita mlangoni, kila mtu akamsikia.

"Baba," Mshai akasema, "kwani sisi tuna kibarua?"

Nikavua miwani. Nikaokota neno lililokuwa karibu.

"Alikuwepo," nikasema. "Ameacha kazi leo."

Malemba ndiye aliyeanza, kicheko cha kutoka jikoni, kisha mzee wa Mahoo akapiga meza, na Danieli, na wote, yule mama akisema huku anafuta machozi, "Kibarua mwenye tai! Miaka yote shambani sijamwona kibarua mwenye tai!" Nikaishika shingoni. Ilikuwepo. Ilikuwepo pale mtoni wakati wote, juu ya leso, na walijua tangu neno la kwanza, na mama yule aliniuliza yale maswali akijua ni mimi ninayejibu.

Mshai hakucheka. Aliweka jagi chini, akazunguka meza, akavuta kile kiti kilicho pembeni yangu, ambacho watu wote kwa adabu walikuwa wamekiacha wazi, akaketi. Akalivuta bakuli la saladi mbele yake akaanza kula, mchanga unalia, machozi yanamtoka na haachi.

"Mwanangu, iache, utavunja meno."

"Mama angekucheka," akasema.

"Najua."

"Angecheka mpaka aanguke mtoni." Akatafuna. "Kwa nini hukuniita nikushike?"

Labda kwa sababu aliyekuwa akinishika alikuwa mmoja, na kumwita mwingine ni kukubali kwamba hayupo.

Wageni walipoondoka tuliwasindikiza kwa njia ile ile ya mtoni, na gunia lilikuwa bado limebanwa na jiwe langu. Mshai akavua viatu vyake vizuri vya Voi, akapandisha sketi magotini, akaingia. "Njoo, Baba." Mbele ya wakwe wote. Safari hii nilikunja suruali tu, sikuivua. Akaweka mikono mabegani mwangu, nami mwake, na urefu ni ule ule, jamani, ni ule ule, ilibidi nitazame pembeni kwenye mikaratusi. Tulikanyaga mpaka maji yakapita meupe. "Zungusha," akasema, na hakuna aliyemfundisha, ni kwamba alikulia pale ukingoni akitutazama. Zile karoti ziling'aa, na gunia lote tuliwapa watu wa Mahoo, safi, bila chembe ya mchanga, ili wajue kwamba tunaweza.

Akaolewa. Sasa yuko Mahoo, mfereji wa maji unapita mlangoni pake, na huja anapoweza, si kila wikendi. Nami nimeapa mambo mawili: sitaosha tena karoti peke yangu, na jambo la moyoni nitalisema nikiwa ni mimi na nimevaa suruali yangu. La kwanza ni rahisi, nazipeleka bombani, Malemba anazimenya, na kuku wake wamenenepa.

La pili linanisumbua jioni. Mshai hupiga simu wakati ninapoepua sufuria, na kila siku anauliza neno lile lile.

"Kibarua amekula?"

"Anakula."

"Ameketi?"

Naye husubiri, na simu ikiwa sikioni natoka jikoni na sahani yangu, navuta kiti, na nikishaketi ndipo ninapomjibu.